Picha Mbili za Luther na Miezi ya Katikati

Vitabu vya historia ya Kanisa tunavyotumia vyuoni huwa na picha mbili za Martin Luther. Ya kwanza ni ya mwaka 1520. Lucas Cranach, mchoraji wa Wittenberg na rafiki wa Luther, aliichonga kwenye bamba la shaba: mtawa wa Shirika la Augustino, nywele zimenyolewa utosini, mashavu yamebonyea, mifupa ya uso imetokeza chini ya macho. Ya pili ilitoka katika karakana ya Cranach huyohuyo miaka kama tisa baadaye, nayo ilinakiliwa mara nyingi sana. Humo tunamwona mwanamume mwenye joho jeusi na kofia nyeusi, shingo imejaa, kidevu kimepata mwenzake, mabega yanaijaza fremu yote.

Nilipokuwa chuo cha theolojia, picha ya kwanza ilitupa heshima na ya pili ilitupa kicheko. Tulipofika ukurasa wa ile ya pili, daima alipatikana mmoja wa kusema kwamba Matengenezo ya Kanisa yalimkubali Mtengenezaji. Kicheko chenyewe kilikuwa cha upole. Lakini nimekifikiria sana tangu nilipoanza kazi ya uchungaji huku Tanga, na naona kilikuwa na fundisho ndani yake ambalo hakuna mwalimu aliyelitamka: kwamba mtu anayemtafuta Mungu kwa kweli hukonda, na akinenepa ni kwamba ameshapata mambo mengine.

Tuitazame vizuri hiyo picha ya mwaka 1520. Ni kazi nzuri kuliko zote alizofanya Cranach juu ya uso wa Luther. Hakuna pambo, hakuna mandhari nyuma, ni kichwa na mabega tu. Mistari imekazwa kwenye paji la uso na kuzunguka macho, na vazi limeachwa karibu tupu. Mchoraji anatuambia tutazame wapi. Mwaka huohuo alitengeneza toleo lingine, lenye tao la jiwe nyuma ya kichwa na kitabu mkononi, na humo uso umelainishwa, kama vile mtu fulani alisema yule wa kwanza anatisha mno. Mimi nalipenda lile la kwanza. Ila napaswa kusema kwa nini tunalipenda. Tunalipenda kwa sababu tumezoea kusoma mifupa ya uso kama ushahidi wa moyo. Mtaalamu Petrus Mosellanus, aliyemwona Luther kwenye mdahalo wa Leipzig mwaka 1519, aliandika kwamba amekonda kwa masumbufu na masomo kiasi kwamba ungeweza karibu kuihesabu mifupa yake. Tangu hapo waandishi wengi wa maisha ya Luther wameirudia habari hiyo kwa sauti ya sifa.

Luther mwenyewe hakuisifu hali ile. Alipokuwa mzee, wageni waliokula mezani kwake walimsikia akisimulia miaka yake ya utawa kule Erfurt, jinsi alivyokaa hata siku tatu bila mkate wala tone la maji, na jinsi alivyokaribia kujiua kwa mfungo. Aliisimulia kama habari ya mtu aliyepotea njia. Tena kuna jambo ambalo wengi hatuliunganishi na picha ile. Mwaka uleule wa 1520 aliandika kitabu chake juu ya matendo mema, na humo anasema kwamba mfungo ni wa kuutiisha mwili wenye ukaidi, na kila mtu ajipimie mwenyewe. Mtu akiona kwamba kufunga kunamharibu kichwa na tumbo, aache kabisa, hata kama Kanisa limeamuru, na ale na kulala kadiri afya inavyodai. Basi katika mwaka mmoja tunayo picha ya mtawa aliyebonyea mashavu, na kitabu cha mtawa huyohuyo kinachosema inatosha. Picha inatundikwa ukutani. Kitabu kiko kabatini.

Naandika haya kwa sababu ya binti mmoja. Sitasema ni wa usharika gani, itoshe kwamba si wa huu ninaoutumikia sasa, na kwamba alikuwa na umri wa kwenda chuo. Alikuwa amekaa muda mrefu akijinyima chakula. Ilianza kama mfungo wa maombi na ikaendelea baada ya maombi kwisha, mpaka mambo ya kila mwezi ya kike yakakoma na akawa anazimia. Alipofika ofisini kwangu alikuwa ameshatibiwa kiasi na anakula tena, na uzito ulikuwa unarudi. Hilo ndilo lililomleta. Alisema kwamba kukonda hakukumwogopesha hata siku moja, lakini kurudi kwa mwili kunamwogopesha kila asubuhi anapovaa. Juu ya meza palikuwa na kitabu kimefunguliwa kwenye zile picha mbili. Akazitazama sana, akaweka kidole kwenye nafasi nyeupe iliyo kati yake, akauliza, “Mchungaji, hapa katikati alionekanaje?”

Ni swali la uhakiki kuliko yote niliyosikia darasani. Kuna jibu moja dogo la kihistoria. Katika miezi ya 1521 na 1522 Luther alifichwa kwenye ngome ya Wartburg, akaacha nywele na ndevu ziote, akavaa kama askari wa farasi na kuitwa Jörg. Cranach alimchora pia katika hali hiyo. Barua zake za wakati ule zimejaa malalamiko: tumbo halifanyi kazi, usingizi haupatikani, anajiona amekaa bure na kula vya bure, na shetani hampi nafasi. Na Johannes Kessler, mwanafunzi kutoka Uswisi aliyekutana naye njiani mwaka 1522, anakumbuka mtu aliyejaa mwili kiasi, anayetembea wima kifua mbele, macho yanametameta kama nyota. Kutoka mifupa ya Mosellanus mpaka mwili wa Kessler ni miaka mitatu tu. Basi huyo wa katikati ndiye mtu mwenye ndevu ngeni, jina lisilo lake na tumbo linalomsumbua, ambaye hata marafiki waliweza kupishana naye wasimjue. Nilimwambia binti hivyo. Alicheka kidogo, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile.

Nisieleweke kwamba Luther alikuwa na ugonjwa huu. Madaktari wanaouita anoreksia wanazungumzia hofu ya kunenepa ambayo humshika mtu mpaka anajiona mnene hali amebaki mifupa. Upo na wa ndugu yake, bulimia, ambapo mtu hula kwa pupa kisha hujitapisha kwa siri. Luther hakuogopa kunenepa, aliogopa hukumu. Lakini mwili haujui sababu ya kunyimwa chakula. Ukinyimwa hufanya mambo yaleyale, na ukirudishiwa hufanya mambo yaleyale, na hapa wapo mashahidi ambao Wakristo tungepaswa kuwafahamu zaidi.

Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, vijana 36 wa Marekani waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri zao walijitolea kushindishwa njaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ili madaktari wajifunze namna ya kuwalisha watu wa Ulaya walioharibiwa na njaa. Wengi walitoka katika Makanisa ya amani, kama Wamennonite na Wakwekeri. Profesa Ancel Keys aliwapa nusu ya chakula walichohitaji kwa majuma 24, mwaka 1945, huku wakitembea kilomita 35 hivi kila juma. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana hawa wazima wa akili, waliochaguliwa kwa uimara wao, walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, kulamba sahani, kukasirika na kujitenga na wenzao. Hayo yanajulikana. Yasiyosimuliwa sana ni yaliyofuata. Walipoanza kulishwa, njaa haikuondoka hata tumbo likiwa limejaa. Mafuta yalirudi kabla ya misuli, yakajikusanya tumboni na kiunoni, na kwa muda yalizidi hata kiasi walichokuwa nacho kabla ya kuanza. Baadhi yao walilalamika kwamba wamekuwa laini na wana vitambi. Iliwachukua miezi mingi kurudi walivyokuwa.

Nilimsomea yule binti habari hiyo kwa sababu aliamini tumbo lake ni dhambi ya uroho. Hao 36 hawakuwa waroho. Mwili uliookoka njaa huweka akiba kwanza, na hujenga nyumba baadaye. Siku za mwanzo pia hushika maji, na uso au miguu huvimba, na mizani hupanda kwa kasi ambayo si ya nyama wala ya mafuta. Baadaye, mtu akiendelea kula bila kurudi nyuma, uzito hujigawa upya mwilini, ila huchukua miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Anayekata tamaa mwezi wa pili na kuanza kujinyima tena anaurudisha mwili kwenye woga wake wa kwanza. (Hapa niongeze neno kwa watu wa nyumbani. Mtu aliyekonda kupita kiasi asianze kushindiliwa vyakula kwa upendo wa mama na shangazi. Madini ya damu huweza kushuka ghafla na moyo ukashindwa. Aanze hospitalini, Bombo au penginepo, chini ya macho ya daktari.)

Sasa turudi pwani, maana huku kwetu miezi hiyo ya katikati ina ugumu ambao sidhani madaktari wa Minnesota waliujua.

Kwa watu wa pwani mwili uliojaa ni habari njema. Mwari huwekwa ndani akapumzishwa na kulishwa kabla ya harusi. Mtu akirudi safari akaonekana amejaa, anaambiwa amenawiri, mahali pamempenda. Na tuliokuwa vijana katika miaka ya 1990 tunakumbuka jambo jingine, jinsi kila aliyekonda alivyonong'onezwa kuwa “anao,” na jinsi mwili uliorudi ulivyokuwa ushahidi wa kutembea barabara ya Ngamiani bila kutazamwa mara mbili. Kwa hiyo mama mshirika anapomshika yule binti mabega mlangoni mwa kanisa na kusema kwa sauti, “Mwanangu umenenepa, Bwana asifiwe!” anasema maneno mazuri kuliko yote aliyo nayo. Na binti anaenda nyumbani halii chakula cha mchana.

Kisha anafungua simu. Humo mambo yamegeuka: chai za kupunguza tumbo, mikanda ya kubana kiuno, picha ya kabla na picha ya baada. Binti wa leo wa Chumbageni anapimwa kwa mizani mbili kwa wakati mmoja, moja inasema ongeza, nyingine inasema punguza, na zote zinazungumza mbele ya watu. Wapo wanaodhani dawa ni kuirudia ile ya wazee na kusema unene ni baraka. Sikubaliani nao. Anayeogopa mizani hasaidiwi kwa kugeuziwa mizani upande wa pili. Mithali 11:25 inatumia neno la kunenepa kwa nafsi ya mtu mkarimu, na Luther katika Biblia yake ya Kijerumani aliliacha hivyohivyo, nafsi inayobariki inakuwa nene. Ni taswira nzuri ya shibe. Lakini ni nafsi inayozungumziwa pale, na anayelitumia andiko hilo kumpongeza mtu kiuno amelitoa mahali pake.

Lawama yangu kubwa iko kwenye kitu tunachokipenda mno, yaani ushuhuda. Ushuhuda wetu una umbo la zile picha mbili. Nilikuwa hivi, Bwana akanitendea, sasa niko hivi, haleluya. Hauna mahali pa mtu aliye njiani. Nimesikia shuhuda nyingi katika mikutano, kutoka Pangani mpaka Muheza na juu mpaka Lushoto, na sikumbuki hata mmoja uliosema, “Nimeanza kupona na kupona kwenyewe kunanitesa.” Mtu wa namna hiyo tunamwambia asubiri mpaka apate cha kushuhudia. Matokeo yake binti anayepona anajifunza kusema uongo wa kiroho, anasimama na kumshukuru Mungu kwa mwili ambao usiku anaulilia. Zaburi hazifanyi hivyo. Zaburi nyingi za maombolezo humsifu Mungu mapema mno, matatizo yakiwa bado mlangoni, na Zaburi ya 88 haimalizi kwa sifa kabisa, inaishia gizani. Waliokusanya Zaburi waliiacha ibaki kitabuni hivyo ilivyo.

Halafu kuna habari ya mfungo. Kila Kwaresima, na kila mwanzo wa mwaka, vijana wetu hushindana katika mfungo mkavu, na siku hizi umeongezeka ule unaoitwa mfungo wa Danieli, wa mboga na maji, ambao wengi huuchukua kwa nia mbili, ya roho na ya kiuno. Naomba wanaoutangaza wasome sura yenyewe ya kwanza ya Danieli mpaka mstari wa 15. Baada ya siku kumi wale vijana wanne walipimwa wakaonekana wamependeza na kunenepa kuliko waliokula chakula cha mfalme. Kunenepa! Neno la Kiebrania lililotumika hapo ndilo linalotumika Mwanzo 41 kwa wale ng'ombe wanono wa ndoto ya Farao, na katika Kiebrania cha leo neno hilohilo ndilo la kumwita mtu mwenye afya. Danieli hakufunga ili apungue. Alikataa meza ya mfalme ili asijitie unajisi, na mwandishi anataka tujue kwamba Mungu alimjaza mwili. Kulitumia andiko hilo kama mpango wa kupunguza uzito ni kulisoma kinyume na kilichoandikwa.

Katika jambo hili majirani zetu wametupita. Tanga ni mji wa Waislamu wengi, na Ramadhani inatukuta sote. Kwao sheria iko wazi: mgonjwa hafungi, msafiri hafungi, atalipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa analisha maskini. Anayeumwa anaambiwa na mkubwa wa dini kwamba ale, na kula kwake hakumtoi katika ibada. Kwetu sisi wa uhuru wa Injili, ambao kwa haki tunajivunia kwamba mfungo si sharti, hakuna mwenye kazi ya kumwambia binti mgonjwa kwamba ameruhusiwa. Tunamwachia uhuru, naye anautumia kujinyima. Nadhani Luther wa mwaka 1520 angetushangaa. Mwaka 1530, kijana Jerome Weller alipoandamwa na huzuni nzito, Luther alimwandikia akimtaka akimbie upweke, afanye utani, na anywe hata zaidi kidogo ili kumkomoa shetani. Ushauri wa kunywa siutoi kwa vijana wangu. Lakini naliona lililo nyuma yake. Kwa mtu ambaye shetani anamshambulia kwa njia ya kujinyima, tendo la imani ni kuketi na wenzake na kula.

Ndiyo sababu ile picha ya pili sasa naitazama kwa macho mengine. Mwanahistoria Lyndal Roper wa Oxford ameandika makala nzima juu ya mwili wa Luther, akionyesha kwamba ule unene ulikuwa sehemu ya ujumbe: mtakatifu wa namna nyingine, asiyefanana na wale wa kale waliokauka jangwani. Wapinzani waliuona ujumbe huo pia, na katika karne ya 17 walisambaza picha ya Luther akisukuma tumbo lake kwenye toroli. Mimi naona kitu kidogo zaidi ya hicho. Naona mtu ambaye Katharina von Bora, mke aliyemwoa mwaka 1525, alimlimia bustani, akamfugia nguruwe na samaki, akampikia pombe ya shayiri, na aliyekula mbele ya watu bila kuomba radhi. Naona pia, kwa kuwa uhakiki haupaswi kufumba macho, mtu ambaye baadaye aliteswa na mawe ya figo na moyo, akafa akiwa na miaka 62. Hatundikwi ukutani awe mfano wa lishe. Na ubaya wa picha hiyo kama kazi ya sanaa ni kwamba imetulia mno. Karakana ilihitaji nakala nyingi, na nakala hupoteza wasiwasi. Ukiangalia uso ule huwezi kujua kwamba mtu huyu mwaka 1527 alianguka kwa ugonjwa na huzuni hata marafiki wakadhani anakufa. Kwa mtu anayepona, uso usio na wasiwasi ni mgumu kuaminika.

Kwa hiyo andiko ninalowapa wanaonijia si picha yoyote, ni Marko 5. Binti wa Yairo ana miaka 12. Yesu amemshika mkono, amesimama, anatembea, watu wameshangaa mno. Hapo ndipo sisi tungefunga ibada kwa pambio. Yesu anasema mambo mawili: habari hii isitangazwe, na mtoto apewe chakula. Wahubiri wengi hupita haraka juu ya maagizo hayo, na wengine huyachukulia kama uthibitisho tu kwamba msichana hakuwa mzimu. Nayasoma kama maagizo ya matunzo. Ya kwanza yanamlinda na macho ya umati uliokuwa nje, uliokuwa umemcheka Yesu dakika chache kabla. Ya pili yanawapa wazazi kazi ya jikoni, isiyo na muujiza, ambayo itabidi waifanye tena kesho. Na Eliya, chini ya mti wake alipoomba kufa, hakuhubiriwa kwanza. Malaika alimpa mkate, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Hakumuuliza kwa nini ameshindwa kumaliza ule wa kwanza.

Katika usharika mambo haya yanakuwa madogo na ya kila siku. Tumewaomba wazee wa kanisa na mama zetu wa umoja wa wanawake wasimwambie mtu yeyote mlangoni lolote juu ya mwili wake, amenenepa wala amekonda, na haikuwa rahisi, maana kwetu ni nusu ya salamu. Mmoja aliniuliza, “Sasa tuseme nini, Mchungaji?” Tukakubaliana juu ya maneno kama nimefurahi kukuona, umelalaje, masomo yanaendaje. Yule binti nilimwambia kwa mamlaka ya kazi yangu, siyo kama ushauri, kwamba Kwaresima ile mfungo wake ni kula mara tatu na kati yake, kwa saa, uji, muhogo na samaki, chungwa la Muheza, chochote kilichopikwa, na kwamba akimaliza asifanye hesabu. Muuguzi alikubali kumpima akiwa ameipa mizani mgongo. Nguo zilizombana mama yake alizigawa zote siku moja, badala ya kuziacha kabatini zimhukumu, na kwa miezi hiyo akavaa dera, vazi la pwani lisilo na namba. Kuna waliosema dera ni kujificha. Huenda ni kweli kidogo, kama ndevu za Jörg. Mtu aachwe ajifiche kidogo.

Nilimwelekeza pia kwa wenye ujuzi, maana kuomba pamoja hakuchukui nafasi ya tiba. Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki ina Hospitali ya Lutindi, juu milimani wilayani Korogwe, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani na ambayo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 inatunza wagonjwa wa akili. Watu wengi wa pwani bado wanaitaja kwa kunong'ona, kama mahali pa kutupwa. Kanisa lililoijenga lina wajibu wa kuitaja mimbarani kwa sauti ya kawaida. Vilevile wavulana wasisahauliwe. Luther alikuwa mwanamume, na wale 36 wote walikuwa wanaume, na wapo vijana wetu wa kiume wanaojinyima kwa jina la mazoezi ambao hakuna anayewauliza.

Lililobaki lilikuwa la kwaya. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya mavuno kwaya hushona sare, na fundi huja ukumbini na futi yake, anapima waimbaji mmoja mmoja mbele ya wenzake na kuzisoma namba kwa sauti ili msaidizi aandike. Kifua, kiuno, nyonga. Binti alikuwa ameacha kwaya kwa sababu hiyo, ingawa sauti yake ya kwanza ilihitajika. Mwalimu wa kwaya alizungumza na fundi. Sasa anapimia chumba cha sakristia, mmoja mmoja, mlango umefungwa, anaandika mwenyewe kimyakimya, na kwa kila sare anaacha inchi mbili za mshono upande huu na inchi mbili upande ule, kwa waimbaji wote.